Mtoto Aitikapo Jina Lake

Kila asubuhi katika shule za msingi za Arua na Koboko, mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Aitikaye hutiwa alama. Asiyekuwapo huachiwa pengo ambalo somo la kesho haliwezi kuliziba.

Serikali ya Uganda ilipoondoa ada ya elimu ya msingi mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Walakini kuandikishwa ni jambo moja, na kuhudhuria ni jambo jingine. Kazi za shamba, siku za gulio na ulezi wa wadogo huwatoa watoto darasani, na mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kubakizwa nyumbani.

Fimbo au Tuzo?

Zamani dawa ya utoro ilikuwa fimbo. Sheria ya mwaka 2016 iliikataza shuleni, na kwa haki: mtoto aogopaye kuchapwa kwa kuchelewa huona afadhali asiende kabisa. Lililo bora ni kumtia moyo. Jina lake lisomwe mbele ya wenzake mwisho wa muhula, apewe daftari, kalamu au kipande cha sabuni. Zawadi ni ndogo, lakini heshima yake hufika mpaka nyumbani.

Hata hivyo tuzo yataka busara. West Nile ni nchi yenye malaria nyingi. Mtoto aliyelala na homa siku tatu hakutenda kosa. Akinyimwa tuzo kwa sababu hiyo atakata tamaa, na mwenzake atajikokota darasani hali yu mgonjwa. Basi siku za ugonjwa zilizoarifiwa zisihesabiwe utoro, na yule aliyekuwa mtoro akajirekebisha naye atuzwe.

Tuzo iliyo kubwa zaidi ni uji wa adhuhuri. Mwanafunzi arudiye nyumbani na njaa saa saba, ni shida kurejea. Sheria imewaachia wazazi jukumu la chakula. Kila nyumba ikitoa mahindi au maharage kidogo baada ya mavuno, sufuria ya shule itajaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Jamaa za Askari

Amri ya uhamisho haingoji muhula uishe. Baba apelekwapo Koboko, mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini, mama asifungashe vyombo kabla ya kuchukua barua ya uhamisho na ripoti ya mtoto. Bila hizo, majuma mengi hupotea mlangoni mwa shule mpya.

Naye baba aliye lindoni asidhani kwamba hana la kufanya. Apigapo simu nyumbani, baada ya salamu na aulize: "Mwanangu, juma hili umeitika siku ngapi?" Mtoto ajuaye kwamba ataulizwa, hujihimu mapema.