Mahali pa Kituo cha Uandishi Chuoni

Ufundishaji wa uandishi katika vyuo vikuu vya Marekani ulizaliwa kama tiba ya upungufu, na sura hiyo ya tiba haujaivua kikamilifu hadi leo. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kiliingiza insha ya Kiingereza katika mtihani wa udahili, na matokeo yake yalipowaudhi wakubwa wa chuo, ikaanzishwa kozi ya insha ya mwaka wa kwanza ambayo vyuo vingine viliiga, huku lawama zote zikitupiwa shule za sekondari.

Mtazamo huo ulitikiswa mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilipowafungulia milango wahitimu wote wa sekondari za jiji hilo. Mina Shaughnessy, aliyesoma maelfu ya insha za wanafunzi hao, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba makosa yao yalikuwa na mantiki: mwandishi mchanga hufuata kanuni alizojijengea mwenyewe kutokana na lugha aliyoisikia na vitabu vichache alivyovisoma, hivyo mwalimu asiyeitafuta kanuni hiyo husahihisha sentensi moja na kuacha chanzo chake kikizaa nyingine. Huo ndio ugunduzi mzito kuliko yote katika taaluma hii.

Kituo cha uandishi, yaani ofisi ambamo mwanafunzi hukutana ana kwa ana na mshauri kuhusu rasimu yake, kimesimama juu ya wazo hilohilo. Mwaka 1984 Stephen North aliwalaumu wahadhiri wenzake waliokifanya karakana ya kunyoosha sarufi, akidai kwamba anayepaswa kubadilika ni mwandishi, si andishi lililo mezani. Ndiyo maana katika vituo vingi mwanafunzi huisoma rasimu yake kwa sauti, huulizwa hoja yake kuu ni ipi na aya fulani inaichangiaje, na kalamu hubaki mkononi mwake.

Hata hivyo, mshauri hawezi kumfundisha mwanafunzi wa biolojia kinachohesabiwa kuwa ushahidi katika ripoti ya maabara. Hilo ni la idara yake, na ndiyo hoja ya vuguvugu la miaka ya 1970 lililotaka uandishi ufundishwe ndani ya kila somo. Tanzania, ambako mwanafunzi hufika chuoni akiandika kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kuitumia kusomea masomo yake sekondari, mzigo wa kufundisha uandishi kwa kawaida hutwishwa kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, ambayo huzungumzia aya na marejeo, kisha uandishi hauguswi tena hadi tasnifu, wakati msimamizi anapojikuta akirekebisha njeo za vitenzi badala ya kupima hoja. Kuisambaza kazi hiyo katika idara kunahitaji wahadhiri wasome rasimu kabla ya kutoa alama, jambo ambalo darasa la wanafunzi 300 na mhadhiri mmoja haliruhusu.