YUPO MGODINI AU YUMO MGODINI?

Wengi wetu twalalamika ya kuwa Waingereza wana vihusishi vingi mno vya mahali, hali sisi yatutosha "-ni" moja tu: mgodini, ziwani, sokoni. Mimi nasema "-ni" peke yake haitoshi hata katika Kiswahili.

Tutazame mgodi, maana kwa watu wa Shinyanga na Geita ndio mfano ulio karibu. Mwingereza akisema mtu yuko "at the mine", ametaja mahali pa kazi tu. Huenda mtu yule ni mlinzi wa langoni au mpishi. Akisema "in the mine", basi mtu amezungukwa na mgodi. Na kama mgodi ni wa chini ya ardhi, mfano wa Bulyanhulu, husema hata "down the mine". Sisi husema "mgodini" kote, lakini tofauti tunaichukua mbele ya neno hilo: yupo mgodini, yumo mgodini.

Nayo si tofauti ndogo. Duara likiporomoka, waokoaji hawaulizi nani yupo, huuliza nani yumo. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai chini ya ardhi baada ya siku 41. Waokoaji walikuwapo, wale watano walikuwamo. Zimetofautiana herufi p na m tu.

Kisukuma, lugha ya nyumbani kwa wengi wetu, huweka ha, ku na mu mbele ya jina lenyewe, kwa hiyo msikilizaji hujua mapema.

"Yuko" ni jamaa wa tatu: yu huko mgodini, sehemu gani sijui. Kihusishi chake hasa Waingereza hawana. Hutumia "at" na kuendelea na safari.

Taabu kubwa ni "on". Twaambiwa ni "juu ya", na kweli mashua iko "on the lake", samaki yumo "in the lake". Lakini husema pia ya kuwa mji wa Mwanza uko "on the lake", na mji hauelei! Hapo maana ni ukingoni, kama vile duka lililo "on the main road" halikujengwa katikati ya barabara.