Divai ya Saiprasi Iliyopewa Jina na Askari

Kisiwa cha Saiprasi kimo katika pembe ya mashariki ya Bahari ya Mediterania, kusini mwa Uturuki na magharibi mwa Syria. Wengi wetu tulio katika majeshi na polisi tumelisikia jina lake kwa ajili ya mgawanyiko wake, na kwa ajili ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, askari na polisi pia, walioko huko tangu mwaka 1964. Leo twapenda kukitazama kisiwa hicho kwa upande mwingine, yaani kilimo cha zabibu na utengenezaji wa divai. Ingawa, kama tutakavyoona, hata humo nyayo za askari hazikosekani.

Milima ya Troodos, ambayo kilele chake kina mita 1,952, ndiyo uti wa mgongo wa kisiwa. Kwenye miteremko yake ya kusini, juu ya mji wa Limassol, viko vijiji 14, kama vile Zoopigi, Kalo Chorio, Lania na Silikou, ambavyo peke yake vina haki kwa sheria ya kutoa zabibu za divai mashuhuri iitwayo Commandaria. Mvua hunyesha huko wakati wa baridi, na kiangazi chote ardhi hukauka. Kwa hiyo wazee wa vijiji hivyo walikata vilima ngazi kwa ngazi, wakajenga kuta za mawe matupu, bila udongo wala chokaa, ili maji yasichukue rutuba. Ufundi wa kuta hizo, ambao Saiprasi inashirikiana na nchi nyingine za Ulaya, uliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa UNESCO. Katika mashamba ya kale mizabibu haitambai juu ya nyaya wala uchanja. Hupogolewa ikawa vichaka vifupi, na majani yake huvikinga vichala na jua kali.

Zabibu za Commandaria ni za aina mbili tu: Xynisteri, iliyo nyeupe, na Mavro, ambayo jina lake kwa Kigiriki maana yake ni nyeusi. Wakulima hawaharakishi kuzichuma. Huziacha mtini hadi ziive mno, kisha huzitandaza chini juani kwa muda wa wiki moja au zaidi, wakizigeuza, mpaka zinyauke na maji yapungue. Ndipo hukamuliwa, na maji yake huwa mazito na matamu kupita kiasi. Yanapochachuka, hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Lakini sukari ni nyingi hata hamira hushindwa kuimaliza, na utamu hubaki. Divai hiyo hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 2. Zamani ilitunzwa katika makasiki makubwa ya udongo, na kila mwaka mpya uliongezwa juu ya masalio ya miaka iliyotangulia, hata kasiki moja likawa na divai ya baba na ya babu.

Jina Commandaria lina asili ya kijeshi. Mfalme Richard wa Uingereza alikiteka kisiwa mwaka 1191 akiwa safarini kwenda vita vya Msalaba, kisha akawauzia askari watawa wa Templar. Hao hawakudumu; wenyeji waliwaasi mwaka 1192, nao wakakirudisha. Baadaye askari watawa wa Mtakatifu Yohane walijiwekea makao Kolossi, karibu na Limassol, na eneo lililokuwa chini ya kamanda wao likaitwa Komanderi. Divai ya mashamba hayo ikachukua jina hilo. Ngome ya Kolossi iliyopo leo ilijengwa mwaka 1454. Wakaja Waveneti, kisha Waturuki wa Osmani mwaka 1571, kisha Waingereza mwaka 1878, hata uhuru ulipopatikana mwaka 1960. Kila mtawala alikuja na kodi zake, na mkulima akaendelea kupogoa.

Yapo mapambano mengine ambayo Saiprasi haikushindwa. Katika karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alikula mizizi ya mizabibu na kuangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya Ulaya. Tangu hapo mizabibu mingi ya bara hilo hupandikizwa juu ya mashina ya Kimarekani. Saiprasi ilizuia miche ya kigeni bandarini kwa ukali, na mdudu huyo hakukita. Mizabibu yake mingi ingali juu ya mizizi yake yenyewe. Sisi tunaojua kazi ya lindo tunaweza kuthamini ushindi wa namna hiyo, ambao haukupigiwa risasi hata moja.

Lakini nyakati zetu zimeleta shida ambazo lindo la bandarini haliwezi kuzizuia. Ulipoanguka Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, wanunuzi wa divai nyingi ya bei rahisi walitoweka. Vijana wamehamia mijini na hotelini, na vijiji vya milimani vimebaki na wazee. Ukuta wa mawe ukibomoka pasipo wa kuujenga tena, udongo huteremka na shamba hufa. Na shamba lililoachwa huota majani makavu, ambayo ni kuni za moto. Mwezi wa Julai 2025 moto mkubwa uliwaka katika milima ya Limassol, ukaua watu 2 na kuunguza zaidi ya kilomita za mraba 100, pamoja na nyumba na mizabibu. Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 na kuendelea, viwanda vidogo vimefunguliwa humo humo vijijini, na baadhi ya vijana wamerudi kutengeneza divai kwa zabibu za wazee wao.

Kisiwa kingali kimegawanyika tangu 1974, na kati ya pande mbili uko ukanda wa kilomita 180 unaolindwa na Umoja wa Mataifa. Ndani ya ukanda huo wakulima hupewa vibali vya kulima, na walinda amani hupita doria kando yao. Askari waliotangulia kisiwani walimjia mkulima kudai mavuno yake. Hawa wa leo wanasimama ili aweze kuvuna, na hiyo ni heshima ya kazi yetu.