Kompyuta kuukuu ikigoma, sikiliza inachosema kabla ya kumwita fundi

NYUMBA nyingi za mijini siku hizi zina kompyuta ya mezani. Aghalabu ni ya mitumba, iliyotumika katika afisi za ng'ambo kabla ya kuishia katika maduka ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, na sasa imewekwa pembeni mwa sebule karibu na televisheni. Mtoto wa shule huifanyia kazi za ziada, yule wa chuo amehifadhi tasnifu yake humo, baba huitumia kujaza fomu za ushuru kabla ya Juni 30, na mama ana picha za harusi na za marehemu nyanya ambazo hazipatikani kwingine.

Ndiyo maana siku mtambo huo unapokataa kuwaka, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Na wasiwasi ndio humfanya mtu akubali lolote analoambiwa. Mafundi wengi ni waaminifu na kazi yao wanaijua barabara. Hata hivyo, wako pia wale walio na dawa moja tu kwa kila ugonjwa: kufuta vyote vilivyomo na kuweka programu upya. Mtambo huwaka, fundi hulipwa, nayo tasnifu ya miaka miwili huwa imekwenda na maji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kompyuta inayogoma huwa inasema kinachoiuma. Huamka kwa hatua. Kwanza hupokea stima. Pili hujipima yenyewe, desturi iliyokuwamo tangu kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981. Tatu hutafuta diski yenye mfumo wa kuiendesha, na mwisho huupakia mfumo huo, ambao katika nyumba nyingi ni Windows. Ukijua imekwama katika hatua gani, umekwisha kujua nusu ya ugonjwa.

Haiwaki kabisa

Ikiwa hakuna taa wala sauti ya feni, anza ukutani. Chomeka taa ya mezani katika soketi hiyo hiyo uone kama inawaka. Badilisha waya, na uangalie fyuzi iliyo ndani ya plagi. Nyuma ya kompyuta nyingi kuna swichi ndogo ambayo watoto huizima kwa bahati mbaya wanapochezea huko.

Haya yote yakiwa sawa, shuku kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mtambo. Hiki usikifungue kamwe. Vipuri vyake huweza kuhifadhi umeme wa kumdhuru mtu hata baada ya plagi kutolewa. Mwachie fundi akibadilishe kizima.

Feni yazunguka, kiwambo ni cheusi

Kabla ya kulaumu lolote, hakikisha kiwambo chenyewe kina stima na waya wake umekaza. Kisha tega sikio. Kompyuta nyingi za zamani hutoa mlio mmoja mfupi zikiwa salama. Milio mingi inayofuatana, au mmoja mrefu unaofuatwa na mifupi, ni lalamiko. Hesabu milio hiyo na uiandike, kwa kuwa kila kampuni ina mpangilio wake, nao hupatikana katika kijitabu cha mtambo.

Mara nyingi mlalamikaji huwa ni RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya muda. Vumbi na unyevu, hasa kwa wanaoishi Pwani, huchafua meno yake ya shaba. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini ukutoke. Toa kibao, sugua meno yake polepole kwa raba safi ya penseli, pangusa uchafu wa raba, kisha ukirudishe mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge. Kama kuna vibao viwili, jaribu kuwasha na kimoja kimoja. Kile ambacho kikiwa peke yake mtambo unakataa, ndicho kibovu.

Betri ndogo, balaa kubwa

Je, saa ya kompyuta yako hurudi miaka mingi nyuma kila stima inapopotea? Je, tovuti nyingi hukataa kufunguka zikidai si salama? Basi betri ya ubao mkuu imekwisha. Ni kidude cha mviringo chenye upana wa milimita 20, kimeandikwa CR2032, nacho hutoa volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mwanzo wakati mtambo umezimwa. Tovuti hukataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe, na kompyuta inayodhani tuko mwaka wa 2009 huviona si halali.

Lakini kuna hila kubwa zaidi hapa. Betri ikifa, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Miongoni mwayo ni ule unaoamua namna kompyuta inavyozungumza na diski, ambao una majina kama AHCI na IDE. Ukibadilika, Windows 7 huanza kuwaka, kisha hukatika na kuonyesha kiwambo cha buluu chenye nambari 0x0000007B, maana yake imeshindwa kuifikia diski. Mtu asiyejua atasema diski imekufa au programu zimeharibika. Kumbe kinachohitajika ni betri mpya na kurudisha mpangilio ulivyokuwa. Mwulize fundi kama ameukagua kabla hujamruhusu kufuta chochote.

Tahadhari kwa wazazi: betri hiyo ikimezwa na mtoto huweza kuchoma koo lake vibaya ndani ya saa mbili tu. Usiiache mezani hata kama imekwisha. Mtoto akiimeza, mkimbize hospitalini papo hapo.

Haioni diski

Ujumbe unaosema hakuna mfumo wa kuanzishia huogofya, lakini chanzo chake wakati mwingine ni kichekesho. Chomoa flashi yoyote iliyosahauliwa, kwani huenda kompyuta inajaribu kuamka kutoka humo. Kama hakuna, angalia waya za diski huko ndani.

Ukisikia diski ikigonga ko! ko! ko!, zima mara moja. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kila dakika ya ziada huweza kukwaruza kilichosalia. Hapo kinachookolewa ni faili kwanza, mtambo baadaye.

Huzima katikati ya kazi

Kompyuta inayowaka vizuri kisha kuzimika baada ya nusu saa, hasa mchana wa jua kali, huenda ina homa. Bongo la mtambo likikaribia nyuzi 100 hujizima lisiungue. Fungua kasha uone vumbi lililoganda katika feni. Liondoe kwa brashi laini, ukiwa umezuia feni kwa kidole isizunguke. Katika mtambo wa miaka mingi, ule mlenda unaopakwa kati ya bongo na kipoozaji huwa umekauka. Fundi huupaka upya kwa dakika chache. Mwombe pia aangalie kama kuna vikopo vidogo vilivyovimba vichwa kwenye ubao mkuu. Hiyo ni dalili ya uzee.

Ikiwa inazimika ghafla bila kupata joto, tazama stima yenyewe. Inapopotea na kurudi kwa kishindo, mtambo huumia. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, au bora zaidi UPS, ni bima njema.

Kiwambo cha buluu nacho, pindi kinapotokea, kipige picha kwa simu, maana nambari zake ndizo ushahidi wa fundi. Kisha jiulize: ni kitu gani kipya kilichowekwa jana? Katika Windows 7, bonyeza F8 mara kwa mara unapowasha ili uingie katika hali ya usalama, uondoe programu uliyoiweka majuzi. Windows 10 ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida hujiletea menyu ya ukarabati yenyewe.

Masharti kwa fundi

Ukilazimika kumwendea fundi, mwambie mapema kwamba hakuna kufuta kitu kabla faili hazijanakiliwa. Hata kompyuta isiyowaka, diski yake huweza kutolewa na kuunganishwa na nyingine. Dai kurudishiwa kipuri kilichotolewa. Kuuliza si ujinga, na fundi mwaminifu hatakasirika.

Aidha, fahamu umri wa mtambo wako. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafikia kikomo Oktoba 14, 2025. Kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11, lakini zinaweza kuendeshwa na Linux, ambayo hupatikana bila malipo na humtosha mwanafunzi wa kuandika na kusoma.

Mwisho, kompyuta hununuliwa tena, lakini picha za nyanya haziuzwi dukani. Leo ni Jumapili na watoto wako nyumbani. Tafuteni flashi au diski ya nje, mnakili kila kitu cha thamani, kisha mkiweke kabatini mbali na mtambo. Siku itakapogoma, mtakuwa mnatafuta ubovu tu, si kulia matanga.