Nyama Inayocheza Baada ya Kisu

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma hailali. Chinyimba, njuga za watahiriwa, zinalia usiku kucha, na kwa wajomba fahali wanaangushwa ili vijana wa Kibukusu wanaoelekea kutahiriwa wavishwe shingoni luliki, pande la nyama ya kidari.

Mtoto aliyesimama karibu na majani ya mgomba wakati wa kuchuna huona jambo ambalo wakubwa hawana muda nalo: nyama inacheza. Pande halina kichwa wala moyo, lakini linatetemeka, linajikunja pembeni, linatulia, linaanza tena. Ukilinyunyizia chumvi linazidi. Si mzimu. Fahali amekufa, ila seli za misuli yake bado zina akiba ya nguvu, na kila zikisisimuliwa zinajikaza mpaka akiba iishe. Mnyama hufa kwanza, nyama yake hufuata baadaye.

Na ndani ya nyama hiyo kuna seli zenye roho ngumu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, walieleza kwamba walipata seli shina za misuli zilizo hai katika maiti za watu hadi siku 17 baada ya kifo. Zilikuwa zimejilaza, zimepunguza matumizi karibu hadi sifuri, zinangoja. Walipozipa chakula na joto, ziliamka zikatengeneza msuli.

Aliyezitambulisha ni mtafiti Alexander Mauro, mwaka 1961. Akichunguza msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona seli ndogo zimebanwa kati ya uzi wa msuli na utando unaoufunika, mfano wa kupe aliyejificha chini ya mkia wa ng'ombe. Tofauti ni kwamba hizi hazinyonyi, zinalinda. Kuli wa Kitale aliyeshinda akipakia magunia ya mahindi anaamka kesho yake mwili mzima unauma. Seli hizo nazo zimeamka. Zinagawanyika, baadhi zinaungana na uzi uliochanika na kuuziba, nyingine zinarudi kulala kungoja lori lijalo.

Kuzikuza maabarani kunaanza na kipande cha msuli kidogo sana. Kinakatwakatwa, kinalowekwa katika vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi inayoshika seli, kisha seli shina zinachujwa na kumwagwa katika kisahani chenye sukari, chumvi, asidi za amino na vichocheo vya ukuaji. Kisahani kinaingia katika kabati lenye joto la mwili. Seli zikishiba zinagawanyika tu. Ajabu ni hatua inayofuata: ili ziwe msuli, lazima zinyimwe. Mtaalamu akipunguza vichocheo, zinaacha kuzaana, zinajipanga mstari, zinaungana na kuwa mrija mmoja wenye viini vingi. Mrija huo ukishikizwa ncha mbili ili uwe na kitu cha kuvuta, hukaza nyuzi zake, na baada ya siku kadhaa huweza kuanza kucheza wenyewe. Ndiyo ile nyama ya kwenye jani la mgomba, safari hii bila fahali.

Ugumu wa kutengeneza nyama ya kula kwa njia hii uko kwenye idadi. Seli shina ya msuli hugawanyika mara kadhaa, kisha inazeeka na kusahau kazi yake, ilhali kilo moja ya nyama inataka mabilioni ya seli. Hapa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Trans Nzoia ana la kuwaambia wataalamu, maana anaijua seli isiyochoka, hata kama anaijua kwa machungu. Ng'ombe akishikwa na ndigana kali, tezi iliyo chini ya sikio huvimba kama yai. Kimelea kinacholetwa na kupe, Theileria parva, kimeingia katika chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha kugawanyika bila kikomo, nacho kinagawanyika pamoja nazo. Mwaka 1970 watafiti Malmquist, Nyindo na Brown, waliofanya kazi Muguga nje kidogo ya Nairobi, walichapisha namna ya kuzikuza chembe hizo nje ya mwili wa ng'ombe. Kwa hiyo ufundi wa kulea seli za ng'ombe katika chupa si mgeni Kenya. Una zaidi ya nusu karne.

Tatizo jingine ni chakula. Kwa miaka mingi seli zimelishwa seramu ya damu ya ndama ambaye hajazaliwa, anayetolewa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa na mimba. Nyama inayotangazwa kuwa haikuchinjiwa mfugo wowote ilikuwa ikinyonya machinjioni! Watafiti wa Uholanzi sasa wamechapisha mchanganyiko usio na seramu, na wakati wake ulikuwa umefika.

Huko Uholanzi ndiko alikotoka Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, ambaye Agosti 2013 alikaangisha jijini London baga iliyotengenezwa kwa vipande vya msuli kama 20,000 vilivyokuzwa maabarani. Iligharimu takriban euro 250,000. Walioionja walisema ni nyama, ila imekosa mafuta. Singapore iliruhusu kuku wa aina hiyo auzwe mwaka 2020, Marekani mwaka 2023. Mwenye bucha Kitale asifunge duka. Bila mishipa ya damu, oksijeni hupenya sehemu ndogo tu ya milimita, na seli za katikati hufa. Kusaga kunaficha udhaifu huo. Kwenye mshikaki mnene, au luliki, haufichiki.

Hospitalini msuli mwembamba hivyo si kasoro. Kuna watoto wa kiume wanaozaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambapo misuli inakosa protini iitwayo distrofini na kuchanika kila inapotumika, hadi seli shina zinazoiziba zinalemewa. Baada ya mtafiti Shinya Yamanaka kuonyesha mwaka 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida inaweza kurudishwa utotoni ikawa seli shina, imewezekana kuchukua ngozi kidogo ya mgonjwa, kuirudisha nyuma, kisha kuielekeza iwe msuli. Utepe unaopatikana ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, lakini una kasoro ileile ya mtoto mwenyewe. Utepe huo ndio unaodondoshewa dawa kwanza, na mtaalamu anapima kama unavuta kwa nguvu zaidi kuliko jana.