Damu ya Kutoa na Kupokea

Umekwisha kujifunza kwamba chembe nyekundu za damu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila sehemu ya mwili. Sasa mfikirie mtoto aliyeshikwa na malaria kali. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaana humo, kisha huzipasua. Chembe zikipungua mno, viganja vya mtoto hupauka, pumzi humwenda mbio na moyo hudunda upesi. Dawa huua vijidudu, lakini hairudishi chembe zilizopotea. Uboho wa mifupa hutengeneza chembe mpya, ila kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, na huenda mtoto huyo hana hata siku moja. Hapo hana budi kutiwa damu ya mtu mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua.

Je, damu yoyote yafaa? Mwaka 1667 daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Denis, alimtia mvulana wa miaka 15 damu ya mwana-kondoo. Mvulana alinusurika, pengine kwa sababu damu yenyewe ilikuwa kidogo. Mgonjwa mwingine wa daktari huyo alifariki, na baadaye jambo hilo likapigwa marufuku. Kuanzia mwaka 1818, James Blundell wa London, aliyehuzunishwa na vifo vya wazazi, alitumia damu ya binadamu. Baadhi ya wagonjwa wake walipona, wengine wakafa, wala hakuna aliyejua sababu.

Sababu iligunduliwa na Karl Landsteiner katika mji wa Vienna. Alichukua damu yake na ya wenzake watano, akatenga chembe na maji ya damu, kisha akachanganya chembe za mmoja na maji ya mwingine. Mara nyingine mchanganyiko ulitulia. Mara nyingine chembe zilishikamana mabonge mabonge. Tazama jinsi jaribio lilivyokuwa dogo! Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu. La nne liligunduliwa mwaka uliofuata.

Chembe za kundi A zina alama A, na maji ya damu yake yana kingamwili zinazoshambulia alama B. Kundi B ni kinyume chake. Kundi AB lina alama zote mbili, nalo halina kingamwili hizo. Kundi O halina alama hata moja, lakini lina kingamwili za aina zote mbili. Mgonjwa akitiwa chembe zenye alama ambayo kingamwili zake huishambulia, chembe hizo hushikamana na kupasuka, na mgonjwa aweza kufa. Ipo pia alama ya Rhesus, iliyotangazwa mwaka 1940, ambayo nayo hupimwa.

Shida nyingine ilikuwa kwamba damu ikitoka mwilini huganda. Mwaka 1914 ilionekana kuwa chumvi iitwayo sodiamu sitreti huzuia kuganda huko. Basi damu ikaweza kuwekwa. Mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua ghala la damu katika hospitali moja ya Chicago, akaliita benki ya damu. Siku hizi chembe nyekundu huhifadhiwa katika baridi kwa majuma matano au sita. Chembe sahani, ambazo huzuia damu kuvuja, hazipendi baridi, nazo hudumu siku chache tu.

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Anayejitolea huchukuliwa mililita 450, yaani pungufu kidogo ya nusu lita. Maji ya damu hurudi baada ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu baada ya majuma kadhaa. Damu hiyo hupimwa kundi, na pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, kabla ya kupewa mgonjwa. Wewe bado hujafikia umri wa kutoa damu: nchini Tanzania mtoaji huwa na miaka 18 au zaidi, na uzito usiopungua kilo 50.

Sasa jibu swali hili. Mama wa kundi B anahitaji chembe nyekundu. Waliojitokeza ni mumewe wa kundi A, dada yake wa kundi AB, na jirani wa kundi O. Tuseme alama ya Rhesus ya wote ni sawa. Nani atoe damu? Eleza ni nini kingezipata chembe za wale wawili wengine katika mwili wa mama huyo.