Kung'arisha Sauti ya Amplifaya ya Valvu
Katika amplifaya ya gitaa Twin Reverb, iliyoundwa na Fender huko Marekani miaka ya 1960, sauti hung'arishwa kwa kapasita moja ya pikofaradi 120, iliyounganishwa kati ya mguu wa kwanza na mguu wa kati wa kidhibiti sauti cha megaomu 1. Kwa mitetemo 200 kwa sekunde, ukinzani wake ni megaomu 6.6, kwa mitetemo 5,000, megaomu 0.27 tu. Hivyo sauti nyembamba hupenya kwa urahisi kuliko nene. Kidhibiti kikifunguliwa hadi mwisho, kapasita haina kazi.

Atakaye kuibadili na ajihadhari. Kapasita kubwa za kuchujia umeme huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa, nazo huua. Zimaliziwe chaji kwa rezista, kisha zipimwe kwa voltimita.